Kiwanja Alichotoa Mama Angeline Ruguru

Wachungaji wetu, wazee wa pande zote mbili, akina mama wa kikundi cha Ngwataniro, wageni wetu mliotoka Embu mkazunguka mlima mzima kuja kusimama nasi, na majirani wote wa hapa chini ya soko la Laare, hamjambo. Mimi naitwa Mukami, ni mtoto wa pili wa marehemu, nafanya kazi ya ofisi mjini Embu, na nimepewa kusoma historia hii kwa sababu kaka yangu Muthomi, ambaye ndiye kifungua mimba, amesema yeye hasomi kitu, na kitinda mimba wetu Adrian hawezi kumaliza sentensi moja bila kulia. Mimi naweza kusoma. Tangu Mama afariki sijalia, wala si ushujaa, ni ganzi tu, hata karatasi hii nimeishika lakini vidole havinipi habari kwamba nimeishika, kwa hivyo wale mnaonitazama mkingoja nilie, mnivumilie. Nasoma kwa Kiswahili ili watu wa mama yangu na watu wa baba yangu wasikilizane. Na kwa vile kila mmoja wenu amekwisha kuona kwamba kaburi la Mama halikuchimbwa kando ya kaburi la Baba, na tangu asubuhi mnaulizana huko nyuma kwa sauti ya chini, familia imekubaliana kwamba nitaeleza, nikifika hapo.

Mama yetu, Angeline Ruguru Gitobu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1960, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Munyi na marehemu mkewe Mukami, ambaye mimi nimebeba jina lake, wazazi waliokuwa wakulima wa kahawa na Wakristo wa kweli, na akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Wajomba wetu wametuambia kwamba alikuwa mtoto wa kuuliza maswali mpaka wageni wanaaga mapema.

Alianza shule ya msingi mwaka 1967 karibu na kwao, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1973 na kupita vizuri, na kwa kuwa shangazi yake alikuwa ameolewa Meru, alichukuliwa akaishi naye mtaa wa Kaaga, ambako alisoma sekondari kuanzia mwaka 1974 hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka 1977. Ni huko Kaaga alikojifunza Kimeru, akakijua kutushinda sisi aliotuzaa, na mpaka juzi juzi akiwa mgonjwa alikuwa bado anamkatiza Adrian kwenye simu ili amsahihishe.

Mwaka 1978 alipata kazi ya kufundisha bila cheti katika shule moja ya msingi hapa Laare, akafundisha miaka miwili, na mwezi Julai 1980 akaajiriwa kuwa msaidizi katika ofisi ya serikali ya maendeleo ya jamii, kazi aliyoifanya katika sehemu mbalimbali za Meru na kwa muda mfupi huko Embu, akapanda cheo hadi kuwa afisa, mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2020. Kazi yake ilikuwa vikundi. Kikundi cha akina mama, cha vijana, cha walemavu, cha kufuga kuku, cha kununuliana sufuria, kama kiliandikishwa pande hizi katika miaka hiyo, kuna uwezekano mkubwa Mama ndiye aliyekaa chini na wenyewe akawasomea katiba yao, akawauliza nani mweka hazina, na kwa nini mweka hazina ni shemeji ya mwenyekiti.

Kwa kuwa alikaa sana katika kazi hiyo, aliona mipango ya ruzuku za serikali ikija na kuondoka, kila mmoja na jina lake na bango lake, na alikuwa akituambia kwamba ruzuku ikitangazwa redioni Jumatatu, kufikia Ijumaa vikundi vimezaliwa kama uyoga, vyote vikidai vimekuwepo tangu zamani. Kuna mwaka alitumwa kukagua vikundi vya kufuga mbuzi, na mbuzi mmoja mweupe aliyekatika sikio akamkuta katika vikundi vitatu tofauti ndani ya juma moja, na kila mahali wenyewe wakimwonyesha kwa fahari, mpaka kikundi cha tatu Mama akamsalimia yule mbuzi kabla ya kuwasalimia watu. Naona mnacheka, hata yeye alikuwa akicheka akisimulia, ila hakuwapitisha, na kuna waliomnunia hadi leo, na nawaona wamekuja, asanteni kwa kuja.

Alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Joseph Gitobu, mkulima wa miraa, tarehe 21 Agosti 1982, katika kanisa la Methodisti, na wakaishi hapa, kwenye shamba hili mlilokalia, kwa miaka ishirini na saba, hadi Baba alipofariki tarehe 9 Novemba 2009. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na Mama wa maneno mengi, kwa hiyo nyumba ilikuwa imetosha. Mungu aliwajalia watoto watatu, Muthomi aliyezaliwa mwaka 1983, ambaye ni mkulima hapahapa, mimi mwaka 1987, na Adrian mwaka 1993, ambaye ni mwalimu, na Mama amewaacha pia wajukuu watano. Baba alizikwa pale juu, karibu na barabara, mahali ambapo babu alikuwa ameacha wazi bila kupanda kitu, na siku ile ya mazishi Mama alituonyesha sisi watoto, mbele ya watu, nafasi iliyobaki upande wa kulia, akasema hapo ni pake. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na ninakumbuka nilipata faraja kujua ni wapi.

Sasa nifike kwenye hilo mnaloulizana. Mama alipostaafu, akina mama wa hapa walimfuata wakamwomba awe katibu wa kikundi chao, Ngwataniro, ambacho mwenyekiti wake ni jirani yetu Kinya, na ambacho kwa miaka kilikuwa kinahangaika na jambo moja, maji. Ninyi wa hapa mnajua, wageni wetu kutoka Embu ambako maji yanashuka yenyewe labda hawajui, kwamba mwanamke wa upande huu alikuwa anateremka mpaka mtoni bondeni na mtungi mgongoni, na kiangazi kikikaza mto unabaki matope, na wasichana wanafika shuleni wenzao wameshaanza somo la pili. Mwaka 2021 serikali ilitangaza ruzuku kwa vikundi vya vijijini, Ngwataniro wakaomba, wakakaguliwa, wakapita, na hakukuwa na mbuzi wa kuazima. Likabaki sharti moja, kwamba tangi na kioski cha kuchotea maji visimame kwenye kiwanja cha kikundi chenyewe, chenye hati ya jina la kikundi, wala si kwa mtu, kwa maana miradi mingi nchini imekufa siku mwenye shamba alipokasirika akafunga geti lake.

Hapo ndipo mambo yalipokwama, maana hapa kwetu mtu anaweza kukupa ng'ombe na akakupa binti, lakini mahali palipo na mche wa miraa hakupi, na kila mahali pana mche wa miraa. Vikundi viwili vya jirani vilikuwa vimepoteza ruzuku kwa sababu hiyohiyo, fedha zikarudi zilikotoka. Mikutano iliitwa, wanaume wakaombwa, kila mmoja akatazama viatu vyake. Hii ni sehemu ambayo shamba likiwa na mahali peupe, basi ama kuna mtu amelala hapo, ama kuna mtu anangojewa, na katika kijiji hiki chote mahali peupe palipokuwa juu, ambapo maji yangeteremka yenyewe bila mashine, palikuwa mahali pamoja tu, napo ni kwa Gitobu, juu karibu na barabara.

Mama akatoa. Shamba lilikuwa limeandikwa jina lake baada ya Baba kufariki, kwa hiyo hakuhitaji sahihi yetu, alitupigia simu tu akatuambia ametoa kile kipande kwa ajili ya maji, na kaburi la Baba halitaguswa, litazungushiwa saruji na kubaki palepale ndani ya ua, nasi tukasema sawa. Mpimaji alipokuja alifurahi sana, akasema hili ni boma la kwanza alilofika hapa ambalo halina cha kung'oa. Hati ikatoka kwa jina la kikundi, mabomba yakavutwa kutoka kwenye maji ya msituni, tangi likajengwa, nusu yake ndani ya ardhi na nusu juu, na tarehe 17 Februari 2023 kioski kikafunguliwa, kukawa na hotuba nyingi, Mama akakataa kuhutubu, akasema yeye ni katibu, kazi yake ni kuandika wengine wanasema nini.

Mwezi Mei mwaka jana, 2024, Mama alianza kulalamika kwamba chakula kinakwama kifuani, akadhani ni githeri ya wajukuu, yale mahindi na maharagwe, haijaiva, akabadili akawa anakunywa uji, na mwezi Agosti alipopimwa Meru ikajulikana kwamba ni saratani ya umio. Tulimleta kwangu Embu, mtaa wa Dallas, ili awe karibu na matibabu, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, akapata nafuu wakati wa Krismasi akaja hapa nyumbani kwa siku chache, akarudi, na tangu Machi hakuweza tena kumeza chakula kigumu, na mwisho hata maji yalikuwa hayapiti vizuri, tukawa tunamlowesha midomo kwa kitambaa. Katika miezi hiyo yote tulizungumza mambo mengi, alinifundisha hata namna ya kuuza kuku wake, lakini hakunigusia kuhusu kaburi, wala mimi sikumuuliza, kwa sababu nilijua ni upande wa kulia wa Baba. Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, nikiwa jikoni napasha uji, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Jumatatu tulipokaa hapa kupanga mazishi, Muthomi aliwatuma vijana wakachimbe kando ya Baba, wakarudi mikono mitupu, wakasema geti la kiwanja cha maji limefungwa na kwamba afisa wa afya ya umma ameshaarifiwa. Ndipo tulipoambiwa jambo ambalo kijiji kizima kilionekana kulijua isipokuwa sisi, kwamba kiwanja kile sasa ni cha maji peke yake, kaburi lililokuwepo liliruhusiwa kwa kuwa lilikuwepo, lakini hakuna kaburi jipya linaloweza kuchimbwa karibu na tangi, na likichimbwa, maji yanafungwa siku hiyohiyo. Muthomi alisimama. Alisema maneno ambayo sitayasoma mbele ya wachungaji, akasema kama ni kufunga wafunge, yeye mama yake atalala kwa mumewe kama alivyosema kwa kinywa chake mwaka 2009, na watu watarudi mtoni kama walivyokuwa wakienda, na vijana wakachukua majembe yao tena. Nami ninasema ukweli, sikumzuia, kwa sababu nilikuwa upande wake. Wazee hawakuchukua upande, maana nusu yao wanakunywa hayo maji na nusu yao walikuwa marafiki wa Baba.

Akaitwa mwenyekiti Kinya, akaja na leso yake begani, hakukaa, na maneno aliyosema nayatoa kama alivyoyasema. "Muthomi mwanangu, mimi sikuja kukukataza, ukitaka kuvunja hiyo geti, vunja, hakuna mtu atakushika, hata sisi akina mama tutasimama kando. Lakini mkubali mnisikize. Watu wanasema ati Angeline hakuelewa hiyo agrimenti. Angeline ndiye alitusomea sisi wote, mstari kwa mstari, kwa Kimeru, na alipofika hapo kwa kaburi akasoma mara mbili. Nikamwambia, Angeline, wacha, na wewe tutakuweka wapi? Wacha hiyo ruzuku irudi, tumezoea mto. Akaniambia, Kinya, mimi nimelala na Gitobu miaka ishirini na saba, na maji hayajawahi kulala hapa hata siku moja. Leta kalamu. Nikamwambia aambie watoto. Akasema atawaambia. Sasa sijui kama aliwaambia." Kinya akajifuta kwa leso, akatoka.

Hakutuambia. Kwa hiyo si kwamba aliteleza, wala hakudanganywa na watu wa ofisi, Mama ambaye kwa miaka arobaini aliwasomea wengine masharti, aliyasoma ya kwake akayaelewa na akatia sahihi, na baadaye akakaa nami chini ya paa moja miezi kumi, akasema habari za kuku. Katika karatasi niliyopewa na kamati hapa pameandikwa kwamba marehemu alikuwa mkarimu na mwenye kujitolea, na ni kweli, lakini nitasema na langu. Nimekasirika. Nilidhani nikifika hapa leo hasira itakuwa imekwisha, haijakwisha, iko palepale imekaa kifuani kama chakula kisichoshuka, na sijui niielekeze kwa nani, maana mtu wa kuulizwa yuko ndani ya sanduku hili.

Jumanne asubuhi tulimkuta Muthomi chini huku kwenye miraa yake, kwenye safu ambayo babu aliipanda na Baba akamgawia alipooa, ile miti ya zamani ambayo wageni hupelekwa kuonyeshwa, ana panga na jembe, ameanza kukata. Mzee Mbaabu, ambaye ni ndugu ya Baba, alimuuliza kama ameamua kweli, Muthomi akasema ndiyo, mzee akamuuliza tena, kwa sababu mti kama huo ukiutoa mjukuu wako ndiye atakayevuna utakaopanda mahali pake, na Muthomi akaendelea kukata, basi mzee akavua koti akamsaidia. Majirani wakaja mmoja mmoja, wakashika mizizi. Mnunuzi mmoja wa miraa aliyekuwa kwenye bodaboda akasimama barabarani akauliza kama hiyo miraa inauzwa, Muthomi akamwambia achukue, akachukua, akaona nyuso zetu, akairudisha chini. Hapo miti ilipong'oka ndipo kaburi lilipochimbwa, na ukisimama hapo unaliona tangi, na chini ya tangi unaona saruji ya Baba. Ndiyo sababu Mama analala huku, na sasa mmejua, na naomba mtu asimuulize Muthomi.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia Mama kule Meru na kule Embu, hasa muuguzi Murungi, aliyekuwa akipita nyumbani kwangu akitoka kazini bila kuombwa, kwa wafanyakazi wenzake wa zamani wa maendeleo ya jamii, ambao nimeambiwa wengine wametoka mbali sana, kwa kanisa lake, kwa majirani zangu wa Dallas waliokuwa wakinipikia, kwa wajomba, kwa chifu, kwa walioleta hema na viti, na kwa majirani wa hapa waliochimba. Tunakishukuru kikundi cha Ngwataniro kwa yote, na wale ambao sikuwataja, si dharau, ni akili yangu haiko sawa.

Nimebakiwa na neno moja ambalo halimo kwenye karatasi. Leo asubuhi nilipotoka nje niliwaona akina mama wa ng'ambo ya bonde wamefika na mitungi, wamekuta kioski kimefungwa kwa heshima ya Mama, hawakulalamika, wamekaa pale nyuma ya hema mpaka saa hii, na mitungi yao mitupu iko miguuni. Ninashukuru kwa hiyo heshima, ila hapana. Kile kilichofungiwa pale ndani ni upande wa kulia wa baba yangu, mama yangu amekilipia, na Muthomi amekilipia, na mimi bado sijamaliza kukilipia, kwa hiyo kisikae kimefungwa hata leo, na hasa si leo. Mama Mwenyekiti, ufunguo unao wewe. Nenda ukafungue kabla hatujainua jeneza, watu wachote maji, na sisi tutazika huku tunayasikia.

Mama, pumzika kwa amani.